Mstari Chini ya Barua

Koboko, 14 Juni 1990

Kaka Mogga,

Kaa chini kwanza, kisha usome. Jada amerudi.

Mwanangu Jada, mwenyewe, na miguu yake. Alifika Jumapili wakati watu wanatoka kanisani, akasimama mbele ya duka la Sulaimani na mfuko wa vyuma begani. Sulaimani alimwacha mteja na sukari yake kwenye mizani, akaja mbio kuniita: "Mama, njoo, lakini njoo polepole, usianguke." Nilimjua kwa sikio. Unalikumbuka sikio lake la kushoto, lile lililoungua kwa uji akiwa mtoto? Nililishika pale barabarani mbele ya watu wote, kama mtu aliyekamata mwizi. Akasema, "Mama, unanivuta." Ana miaka ishirini na saba na mvi mbili. Nilizihesabu.

Alikuwa Kisangani miaka yote, anachomelea vyuma. Aliambiwa kwamba wote tuliokimbilia Sudani wakati wa vita vya mwaka 1980 kwa njia ya Kaya tuliuawa barabarani, naye akaamini. Mwaka huu akakutana sokoni na mtu wa Koboko, akamwuliza kwa mzaha kama Mzee Soka bado anauza tumbaku mbaya. Yule akajibu, "Soka iko. Tumbaku mbaya iko. Na Margarita jirani yake iko." Siku ya pili Jada alipanda lori.

Sasa sikia shida yangu. Jada hajaingia nyumbani kwangu. Analala kwa Sulaimani, na anakula huko huko, mimi nikimtazama kutoka upande wa pili wa barabara.

Unakumbuka ile barua ya mwaka 1981. Nilikuwa kambini Sudani, dereva wa lori la misheni akaniletea. Sikujua kusoma, mkatekista akanisomea. Iliandikwa na mwalimu Draku wa Inde. Ilisema Jada alipigwa risasi Arua, Oktoba ya mwaka uliotangulia, akafa mikononi mwake, na yeye akamzika kwa heshima. Ikasema nisivuke tena mpaka kumtafuta. Niliporudi nyumbani mwaka 1987, nilizika shati lake la shule nyuma ya nyumba, wazee wakasema maneno yao, nasi tukanyoa nywele. Kwa hiyo mwanangu ana kaburi. Mzee Soka anasema mtu mwenye kaburi hawezi kula ndani ya nyumba ya mama yake mpaka yule aliyetangaza kifo asimame pale kaburini, akitengue kwa mdomo wake, na kulifukua kwa mkono wake. Mtu mwingine hawezi kumfanyia. Ukoo wote uko nyuma ya Soka, na mimi pia, kwa sababu nilinyoa nywele zangu pale na sikuwa nafanya mchezo.

Basi namtaka huyo Draku. Wewe ulikuwa mkalimani wa mahakama ya Arua miaka ishirini. Niambie: mtu anayemwandikia mama kwamba mtoto wake amekufa, naye hajafa, sheria ina neno kwake? Siku hizi baraza la RC, la watu tuliowachagua wenyewe hapa kijijini, linasikiliza mashauri. Sulaimani ndiye mwenyekiti, na binti yake Norah ni katibu. Naweza kumshtaki?

Tena uje umwone mpwa wako. Anakuulizia.

Dada yako,
Margarita


Aru, Zaire, 2 Julai 1990

Dada yangu Margarita,

Nilikaa kama ulivyoniamuru, lakini nilipofika kwenye sikio nilisimama. Hajara, yule mchuuzi wa mpakani aliyeileta barua, aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ni kinyume chake, kisha nikagundua kwamba Kiswahili cha Baba, kile cha kambi ya KAR, jeshi la Mwingereza, tulichokulia, hakina neno la kinyume cha kufiwa. Nimelitafuta tangu siku hiyo katika lugha zote tano nilizowahi kula mshahara kwazo. Mungu ametutendea jambo kubwa.

Uliuliza habari ya sheria, nami nitakujibu kama nilivyozoea kazini, bila kuongeza wala kupunguza. Sheria inalo neno. Ni kosa la kumsababishia mtu uchungu mkali wa moyo kwa makusudi. Mwaka 1897 huko London mtu mmoja alimwambia mwanamke kwamba mume wake amepata ajali, miguu yote miwili imevunjika, achukue mito miwili akamlete kwa gari. Ulikuwa mzaha. Mume alikuwa mzima. Mwanamke yule aliugua wiki nyingi na nywele zake zikawa nyeupe. Jaji akasema kwamba neno kama lile humwumiza mtu yeyote, kwa hiyo aliyelisema kwa kujua ni uongo hawezi kuja mahakamani na kudai hakukusudia kuumiza. Niliwahi kutafsiri habari hiyo katika mahakama ya Arua mwaka 1968. Hakuna aliyeuliza juu ya jaji. Wazee wote waliuliza kwa nini mito.

Uganda ilirithi sheria hiyo. Lakini sheria ina saa pia. Madai ya namna hii hufungwa miaka sita ikipita. Barua ilikufikia mwaka 1981. Kwa hesabu hiyo mlango ulifungwa mwaka 1987, na baraza la RC haliwezi kuufungua.

Ushauri wangu ni uache. Huyo Draku huenda amekufa, huenda hakuwa mwalimu. Wakati ule watu waliandika mambo mengi. Mwombe Mzee Soka akubali padri abariki kaburi na kulifuta, Jada aingie nyumbani ale. Mtoto amepatikana. Ya nini kumtafuta mtu mwingine?

Kuja siwezi kwa sasa. Ni goti.

Kaka yako,
Mogga


Koboko, 29 Julai 1990

Kaka Mogga,

Padri amekubali. Soka amekataa. Amesema, "Padri hakuleta kifo hiki, atakiondoaje?" Padri mwenyewe akasema Mzee ana hoja. Kwa hiyo tuko pale pale.

Nataka nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuambia. Mwaka 1987, kabla ya kuzika shati, nilikwenda Inde na kuku wawili. Nilitaka kumshukuru Draku. Nilifikiri, huyu mtu alimshika mwanangu mikononi, akamfumba macho, akachimba udongo wakati watu wengine wanakimbia na magodoro. Nilimwombea kila Jumapili miaka sita, jina lake kabla ya jina lako. Nilizunguka Inde siku mbili, sikumpata, nikarudi na kuku wangu. Nililia njia nzima kwa sababu sikumshukuru.

Wiki iliyopita nimekwenda tena, safari hii na Jada. Sokoni tulimwuliza mama mmoja anaitwa Filda, anauza mihogo mikavu.

"Draku?" akasema. "Mama, hapa ukirusha jiwe linampata Draku. Unataka Draku gani? Draku ya baiskeli, Draku ya mguu moja, ama ile inapiga bibi yake?"

"Draku mwalimu."

"Mwalimu!" Akawageukia wenzake. "Sikieni! Draku yote ya hapa, hakuna moja ilimaliza darasa la pili!"

Soko zima likacheka. Jada pia alicheka mpaka akashika mbavu. Akaniambia, "Mama, ile mutu iliniua haiko. Twende nyumbani." Kisha akakumbuka kwamba nyumbani hawezi kuingia.

Niliporudi nilitoa barua ya Draku kwenye kopo la majani ya chai. Unajua kwamba nilijifunza kusoma kule kambini, kwenye darasa la watu wazima. Labda hujui kwa nini. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, na mwalimu alikuwa sawa na mtoto wangu. Nilijifunza ili niisome barua ile mwenyewe, nisiombe tena mdomo wa mtu mwingine kuniambia jinsi Jada alivyokufa.

Imeandikwa kwa herufi kubwa tupu, kama za mtoto. Chini ya sahihi imebaki nafasi ya vidole vinne. Nafasi hiyo imefungwa kwa mstari wa kalamu kutoka kona moja mpaka nyingine, na vistari viwili vifupi vinaukata katikati. Miaka yote nilidhani ni pambo. Safari hii barua yako ya Julai ilikuwa juu ya meza, karibu nayo. Nayo ina mstari huo. Nikatoa barua zako zote tangu mwaka 1987. Zote zinao, na vistari viwili katikati.

Nikamwuliza Andama, yule mtu wa Arua aliye karani wa serikali pale gombolola, mstari huo ni wa nini. Akasema, "Mama, hiyo ni kazi ya watu wa korti. Wanafunga karatasi, mutu asiongeze neno chini ya sahihi." Je, watu wote wa korti walifanya hivyo, na vistari viwili? Wewe ndiye unayewajua.

Shauri nimelifungua. Litasikilizwa Jumamosi tarehe 6 Oktoba. Norah aliandika jina langu, mdai. Kwa mdaiwa akaniuliza, "Niandike Draku?" Nimemwambia aache wazi kwanza.

Margarita


Aru, 20 Agosti 1990

Dada yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Malaria ilinilaza siku kumi. Hajara anakuletea sabuni mche mmoja, na miwani nyeusi ya kuchomelea, ni ya Jada. Mwambie asichomelee bila miwani. Macho hayarudi.

Kuhusu mstari, makarani wengi walifanya hivyo. Ni mazoea ya kazi tu.

Mogga


Koboko, 3 Septemba 1990

Kaka Mogga,

Sabuni imefika. Jada amevaa miwani na kuzunguka nayo mtaa mzima, watu wanamwita Bwana Daktari.

Barua yako ya Agosti ina mistari saba ya maneno, na nusu ya ukurasa chini haina kitu. Hukuifunga. Miaka yote umefunga kila karatasi, hata ile ya 1988 uliyoniandikia habari za mbuzi. Hii moja tu umeiacha wazi, baada ya mimi kukuuliza. Nimeiweka mezani na kuitazama siku tatu.

Kaka, sitaki kukutega. Kama ningetaka kukutega ningeandika jina lako kwa Norah, na sijaandika.

Nitakueleza tu barua ile ilifanya nini, kwa sababu huenda aliyeiandika hajui. Mkatekista alipomaliza kusoma, nilimwuliza kama kuna maneno mengine. Akasema hakuna, karatasi imefungwa. Nilikaa bila kusema miezi mitatu. Si kwamba nilikataa, sauti haikuwepo. Wanawake wa kambini walinipikia, nikala kama mtu anayejaza gunia. Sauti iliporudi, neno la kwanza nililosema lilikuwa la kuwakataza watu wasiniite Mama Jada. Nilikuwa nimeitwa hivyo miaka kumi na minane. Nikawaambia, niiteni Margarita, kama kabla sijazaa. Wewe uliniandikia "Dada yangu Margarita" tangu barua ya kwanza, bila mtu kukuambia. Nilifikiri ni upole wako.

Nina swali moja tu, na nataka ulijibu kabla ya tarehe 6. Ulipoandika, ulijua kwamba Jada yu hai?

Kama ulijua, usinijibu. Nitaelewa, na sitaandika tena.

Margarita


Aru, 18 Septemba 1990

Dada yangu Margarita,

Sikujua kwamba yu hai. Wala sikujua kwamba amekufa. Nilimwuliza kila mtu aliyevuka kutoka Arua. Mmoja alisema alimwona akikimbia kuelekea Onduparaka na viatu mkononi. Wengine hawakumwona. Nikaandika kama mtu aliyeona, na sikuona kitu.

Draku wa Inde ni mimi. Nilichagua Inde kwa sababu hukuwahi kufika, na Draku kwa sababu ni wengi. Sikufikiri kwamba mtu angekwenda kumtafuta na kuku. Katika yote uliyoniandikia, kuku hao ndio wasioniacha.

Nitaeleza sababu, na naomba uisome kama maelezo, si kama utetezi. Ulikuwa umerudi Koboko mara tatu kumtafuta, wakati watu wanauawa hata kisimani. Mara ya tatu ulikwenda na Santa, mke wa jirani yako, ukarudi na kanga yake tu. Habari hiyo ilinifikia huku Aru. Watu walisema unajiandaa tena. Nilikujua tangu tulipokuwa watoto kule kambi ya KAR: Baba alikufungia ndani kwa kamba, ukatoka na mlango. Hukuwa mtu wa kuambiwa usiende. Nikafikiri kwamba mama anayemtafuta mtoto hazuiliki, isipokuwa mtoto asiwepo wa kutafutwa. Basi nikamwondoa, kwa herufi kubwa ili usije ukaonyeshwa mwandiko wangu na mtu anayeujua. Nilificha mwandiko, nikasahau mkono. Mkono ukafunga ukurasa kama ulivyozoea.

Nilikusudia.

Naliandika peke yake kwa sababu ndilo neno linaloamua shauri. Nilijua utaumia sana, na nilitaka uumie kiasi cha kutosimama. Sheria haiulizi kama aliyesema uongo alimpenda aliyeambiwa. Inauliza kama alijua si kweli, na kama alijua itafanya nini.

Kuna jambo jingine la kukiri, na kwa mtu wa kazi yangu ni baya kuliko unavyodhani. Nilikuambia saa ya sheria imekwisha. Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kwamba kosa likifichwa kwa hila na aliyelitenda, saa haianzi kuhesabiwa mpaka siku aliyekosewa anapogundua. Saa yako imeanza mwaka huu. Katika miaka ishirini mbele ya mahakimu wa kila aina, sikuwahi kutafsiri nusu ya sentensi. Nilifanya hivyo mara moja, kwako.

Ulipoandika mwaka 1987 kwamba unazika shati, nilikaa na kalamu wiki mbili. Nilikuwa nimekwisha andika, "Usizike." Nikachana. Nikakuandikia pole, na nikafunga ukurasa.

Watu wote wa Koboko walikwisha rudi. Wakiniuliza nangoja nini, nasema goti, nasema nyumba yangu haina bati. Kutoka hapa hadi Arua ni mwendo wa asubuhi moja. Sikuzuiwa na vita wala goti. Niliogopa kukaa nawe chumba kimoja ukinisimulia habari za mwalimu Draku.

Mwambie Norah aandike jina langu. Ndani ya bahasha kuna maelezo yangu yenye sahihi, yasomwe barazani. Kuja mwenyewe sitaweza. Maisha yangu yote nimesema maneno ya watu wengine kwa sauti. Haya yangu naweza kuyaandika tu. Nisamehe na hili, kama yale mengine yatakuacha na nafasi.

Mogga


Koboko, 8 Oktoba 1990

Kaka Mogga,

Nimesoma barua yako mara moja, nikaenda shambani, nikalima mpaka jembe likavunjika mpini. Kisha nikaisoma tena. Hujui jinsi nilivyoogopa kwamba ungenyamaza.

Nilimwambia Jada kabla ya baraza. Alitaka nimsomee ile ya Draku, maana hakuwahi kusikia jinsi alivyokufa. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mjomba alinizika kwa heshima. Kisangani hakuna mutu alinipa heshima namna hiyo." Akacheka, kisha akaondoka ghafla kwenda nyuma ya duka, akakaa huko muda.

Jumamosi watu walijaa. Norah alisoma maelezo yako yote, pamoja na lile neno "nilikusudia". Kisha Andama akasimama. Alisema karatasi ilileta kifo, basi karatasi ikiondoe. Maelezo yasomwe kaburini, faini itozwe, watu wakale.

"Karatasi ilileta," akasema Mzee Soka, "lakini nani alikufa sauti miezi mitatu? Karatasi? Karatasi ilinyoa nywele?"

"Mzee, Mogga ni mgonjwa. Goti yake..."

"Goti! Mimi niko na goti mbili, zote mbaya, na niko hapa!"

Watu wakacheka. Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Lakini huyo mutu alimwokoa! Angekufa kama Santa!" Hapo kelele ikaanza, hawa wakisema ulitenda mema, wale wakisema ulitenda mabaya, mpaka Sulaimani akapiga meza kwa jiwe la mizani.

Akanigeukia. "Mama, sisi tunasema sana. Wewe ndiye umeshtaki. Unataka nini?"

"Aje na jembe," nikasema. "La kwangu limevunjika."

"Faini?"

"Sitaki faini."

"Kitu kingine?"

"Akimaliza, anawe mikono, aingie ale na sisi."

Norah ameandika uamuzi, na nakunakilia: "Mdaiwa alikusudia. Mdai aliumia. Kukusudia mema hakuondoi maumivu. Mdaiwa aje mwenyewe kabla ya kiangazi, atengue alichotangaza, afukue alichozikisha." Sulaimani ametia muhuri.

Sasa kuna jambo ambalo sikulisema barazani. Siku dereva aliponiletea barua ile, mfuko wangu ulikuwa umefungwa mlangoni, na mihogo ya kuchoma ndani. Nilikuwa nivuke siku hiyo hiyo, mara ya nne. Wale wanawake wawili tuliokuwa twende pamoja walikwenda bila mimi, na sikuwaona tena. Mihogo ilioza ndani ya mfuko, mimi nikiwa nimelala karibu nayo. Sikuwaambia watu wa baraza kwa sababu ingekutetea, na sikutaka ushinde. Lakini jambo hili ni lako, na nimelibeba miaka tisa bila kujua ni la nani. Chukua.

Hasira ninayo bado. Nitakuwa nayo ukifika, na pengine ukiwa unakula. Usingoje iishe ndipo uje. Sisi ni wazee, kaka, na Jada anakula nje.

Hajara atakukalisha mbele na dereva, kwa ajili ya hilo goti.

Margarita


Aru, 6 Novemba 1990

Mama Jada,

Barua hii haipiti kwa Hajara. Naibeba mfukoni mwa koti, na nitakupa mkononi kabla sijafungua mdomo, kwa sababu nikikuona sijui kama sauti itakuwepo. Sasa najua kwamba sauti inaweza kuondoka.

Nimenunua jembe hapa sokoni. Hajara amenicheka: "Mzee, unabeba jembe kwenda Koboko? Huko wanalima na vijiko?" Nikamwambia ni hukumu ya baraza, jembe liwe langu. Amelifunga kwa gunia ili lisimchubue mtu garini.

Nimejifunza maneno nitakayosema kaburini. Nimeyafupisha, kama mahakimu walivyokuwa wakituagiza. "Jada hakufa. Mimi Mogga ndiye niliyesema amekufa, na nilijua kwamba sijui." Nayasema hapa chumbani nikitembea, na yananichukua pumzi moja. Ilikuwa pumzi moja muda wote huu.

Ulichonipa katika barua yako, ule mfuko na ile mihogo, nimekipokea. Sitakitumia mahali popote. Nitakaa nacho tu.

Ukurasa huu sijaufunga, na safari hii si kwa hofu. Nafasi iliyobaki chini si yangu. Mpe Jada kalamu aandike lolote analotaka juu ya mjomba wake, hata matusi. Hatakuta mstari wa kumzuia.

Kaka yako,
Mogga


Koboko, 8 Novemba

Shati limeoza lote. Vifungo vinne vimepatikana, cha tano mjomba bado anakitafuta, amekataa kuacha. Alisema maneno yake vizuri mpaka "sijui," hapo akalia. Mama akamwambia alie pembeni, anaziba mlango, chakula kinapoa.

Nimekula ndani.

Jada